Kibanda cha watu wawili juu ya mawe, msingi tuanzie wapi?

mchoraji_bado: Wakuu habari zenu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, grupu letu tuko sita, tumepewa kazi ya kuchora na kujenga kwa mikono yetu kibanda cha kulala watu wawili. Eneo ni mlimani huku Mwanza, mawe matupu, mengine makubwa kuliko daladala, gari haifiki kwa hiyo kila kitu ni kichwani dakika 40. Fundi tuliyemuuliza anasema tulipue tupate pa kuweka msingi ila mi roho inakataa kabisa, yale mawe ndo uzuri wa pale. Kuna aliyewahi kujenga sehemu kama hii?

fundi_mawe: Msilipue. Granaiti nzima ndo msingi wenyewe huo. Pita na nyundo ugonge, likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti butu ujue ganda limeshaachana na mwamba, hapo usiweke kitu. Pazima mnatoboa, mnachomeka nondo, zege linashika hapo.

mtu_wa_ramani: Kasome kuhusu Taliesin West kule Arizona, Marekani, makazi na shule ambayo msanifu majengo Frank Lloyd Wright alianza kuijenga 1937 na wanafunzi wake, jangwani chini ya milima ya McDowell. Mwanzoni walilala kwenye mahema, na baadaye ikawa desturi mwanafunzi ajijengee kibanda nyikani alale humohumo huku anasoma. Kuta za pale walisimamisha mbao kama boksi, wakapanga mawe upande bapa ukigusa ubao, halafu wakamwaga zege katikati. Simenti inaliwa kidogo sababu jiwe ndo linajaza, na nyie mnaobeba mifuko kichwani hiyo ni nafuu kubwa sana.

mchoraji_bado: Asante mkuu, hii imenigusa. Ila zege si litafunika uso wa jiwe?

fundi_mawe: Sokomeza karatasi za mifuko ya simenti kati ya jiwe na ubao, ukishafungua unazitoa unasugua na brashi ya waya, jiwe linabaki na rangi yake. Lingine, kabla hamjachora chochote nendeni mkakae pale mvua ikinyesha. Sisi tulijenga banda la mlinzi juu ya mawe tukaliegemeza kwenye jiwe kubwa, mvua ya kwanza tu maji yakashuka na mgongo wa lile jiwe yakaingia ndani, mlinzi kaamka saa nane usiku godoro limelowa chapachapa. Na mapango ya pimbi msiyazibe, wale ndo wenyeji.

mchoraji_bado: Sawa mkuu, Jumamosi tunapanda na nyundo tu, ramani tumeiweka pembeni kwanza.