Lofti ya ubavu wa mashua ina mawimbi na inajisokota omoni, nifanyeje?

langoni_3D (Lamu):
Asalaam aleikum mafundi. Nachora mashua ya mita 6 kwenye Fusion (programu ya kuchora 3D), kwa ajili ya moldi ya faiba. Vipimo ni vya mashua ya mbao iliyopandishwa pwani, vilivyochukuliwa kwa timazi na uzi. Nina skechi tano, moja kila mita 1.5. Kila skechi ni splaini (mstari uliopinda unaopita kwenye pointi) ya upande mmoja, kutoka mkuku (uti wa chini wa mashua) hadi ukingo wa juu. Ya katikati ina pointi saba, ya omo (mbele ya mashua) ina nne. Lofti (uso unaounganisha skechi zote) inatoka, ila ubavu una mawimbi na omoni uso unajisokota. Nikiongeza reli (mistari ya kuongoza lofti), inakataa kabisa.

timazi_mld (Malindi):
Waaleikum salaam. Msokoto unatokana na hizo pointi saba na nne. Lofti inalinganisha splaini kwa namna kila moja ilivyogawanyika, kwa hiyo sehemu ya tumbo kwenye skechi moja inavutwa kwenye sehemu ya juu ya nyingine. Weka pointi tano kila skechi, mahali panapolingana: mkuku, kati ya mkuku na tumbo, tumbo linapogeukia, juu ya tumbo, ukingo. Zote zianzie mkukuni.

Reli inakataliwa kwa sababu haigusi skechi. Kuonekana imegusa hakutoshi, hata pengo la sehemu ya milimita linaikwamisha. Chora reli mbili kwanza, mkuku na ukingo. Kisha fungua kila skechi, tumia Intersect kupata pointi reli inapokata bapa lile (uso tambarare wa skechi), na funga ncha ya splaini kwenye pointi hiyo. Ukingo unapinda kwa juu na kwa upande: chora mwonekano wa juu na wa ubavuni, vuta kila mmoja uwe uso, na pale nyuso mbili zinapokatana ndiyo reli yako.

kalafati (Lamu):
Nakubaliana, ila mawimbi hayataondoka kwa hayo. Lofti inapita kwenye kila skechi bila huruma. Kosa la milimita 5 la uzi wako linakuwa kibyongo. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu, huona kibyongo kwa jicho kabla ya kupigilia ubao. Wewe tumia milia ya Zebra (mistari ambayo programu huionyesha juu ya uso): ikivunjika au ikirukaruka, uso haujanyooka. Zima skechi mbili, ya mita 1.5 na ya 4.5. Tengeneza lofti kwa tatu zilizobaki pamoja na reli, halafu pima uso umepishana kiasi gani na zile mbili. Ukipishana milimita chache, amini uso, si uzi.

Omoni usimalizie lofti kwenye nukta moja. Mistari yote ikikusanyika hapo, uso unakunjamana, na amri za baadaye hushindwa. Pitisha lofti mbele ya omo, kama milimita 200, kisha ukate kwa mstari wa omo.

langoni_3D (Lamu):
Ahsanteni. Imetulia kwa skechi tatu. Sasa Thicken (amri ya kuupa uso unene) ya milimita 8 inagoma karibu na mkuku.

timazi_mld (Malindi):
Unanenepesha kuelekea ndani, na mpindo pale una nusukipenyo chini ya milimita 8, hivyo uso wa ndani unajikata wenyewe. Lakini ndugu, kwa moldi unene huuhitaji, uso wa nje unatosha. Angalia tu kama ukingo wa juu unarudi ndani: ukirudi, moldi ya kipande kimoja haitaachia, igawe kwenye mkuku.

kalafati (Lamu):
Na ukikata mataruma (mbavu) ya plaiwudi ya kielelezo, yaani umbo ambalo moldi itatengenezwa juu yake, usipunguze unene wa vibanzi (mbao nyembamba za kufunika mataruma) kwenye skechi. Sogeza uso mzima ndani kwa milimita 12, kama vibanzi ni vya 12, ndipo ukate kwa bapa kila milimita 300. Karibu na omo kibanzi kinalala mshazari, kwa hiyo taruma linapungua zaidi ya 12.