Ukoo wa Kibokoni 🌴: wageni wa Leicester

*Jumatano*

Shangazi Zuhura 08:11
Assalamu alaykum nyote. Nasema tena: nataka nambari za pasi za Kassim, mkewe na watoto wote wawili NIKATE TIKITI ZA RELI. Bila nambari ya pasi tikiti haikatwi. Mwezi wa nane huu, shule zimefungwa, treni ya saa tisa mchana hujaa mapema.

Shangazi Zuhura 08:13
Ratiba ni hii. Kesho asubuhi Fort Jesus, jioni ufukweni Mama Ngina watoto wale mihogo na madafu. Ijumaa baada ya swala chakula kwangu Bondeni, ukoo mzima. Jumamosi tunavuka feri kwenda kwa Bi Mdogo Likoni. Jumapili safari ya Nairobi.

Shangazi Zuhura 08:52
Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Mwanaisha 09:25
[Picha]
Hebu mtizameni Ilham! Yuko jikoni na Bibi tangu alfajiri. Kakalia mbuzi anakuna nazi ya mbaazi, na Bibi kamfunga leso mbili, moja kiunoni moja kichwani.

Fuad 09:27
Mwambieni huyo mbuzi ana meno 😂

Mwanaisha 09:31
Ashamkwaruza kidole. Kalia kidogo, Bibi kampuliza, karudi kukaa. Mahamri pia kasukuma yeye. La kwanza halikufura, lilibaki bapa vile vile kwenye mafuta. Babu kasema hilo hilo wampe yeye. Kalila lote na chai, akaulizia la pili.

Fuad 09:32
Babu huyo huyo anayerudisha mahamri yangu?

Shangazi Nuru (Maskati) 11:04
Mashallah, hongereni! Kajifungua nani?

Fuad 11:05
Shangazi, hakuna aliyejifungua. Ni Ami Kassim na watoto, wamekuja likizo.

Shangazi Nuru (Maskati) 11:09
Aa! Nimeona picha huko juu nikadhani arubaini. Basi nibusieni hao watoto.

Shangazi Zuhura 11:10
TIKITI jamani. Kassim ndugu yangu, upo?

Ami Swaleh 12:48
Zuhura, mimi hiyo ratiba naiogopa. 2019 walipokuja ilikuwa hivi hivi. Leo Nyali, kesho Mtwapa, keshokutwa Watamu, usiku watoto wanarudishwa wamelala mabegani. Mama alitandika chumba cha juu, akanunua vyandarua vipya, hakikulaliwa hata usiku mmoja.

Shangazi Zuhura 12:50
Kaka, hayo tuliyamaliza.

Ami Swaleh 12:54
Mliyamaliza nyinyi. Usiku ule nilikula na wazee mimi. Sinia ya biriani ya watu kumi, tumeizunguka watatu. Baba hakusema neno, akanawa akaenda kulala.

Shangazi Zuhura 12:59
Na walipokosa treni, gari la Nairobi lilitafutwa na nani? Usiku kucha barabarani, Zayd mdogo vile, anatapika mpaka Voi. Nilikuwa nimempakata mimi. Ndiyo maana nasema TIKITI. Si kwamba napenda kusumbua watu.

Ami Swaleh 13:06
Hilo la tikiti uko sawa. Ninalokataa ni kuwatembeza. Fort Jesus Wareno waliianza 1593 na ipo pale pale, kutoka mlangoni kwa Mama ni dakika chache kwa miguu. Baba atamshika Zayd mkono waende wenyewe.

Mwanaisha 13:20
Samahanini, Bibi anauliza nani ana nambari ya yule muuza madafu wa zamani.

Fuad 13:21
Yule alohamia Kongowea? Alikuwa ananidai 😂

Shangazi Zuhura 13:22
Fuad, tumo katika jambo.

Fuad 16:35
[Picha]
Jambo ni hili hapa. Barazani baada ya Alasiri. Zayd na kofia aliyonunuliwa na Babu, wanacheza dhumna. Kampiga Babu mara mbili, na Babu anaapa kwamba hakumwachia. Muuza kahawa kawapitishia vikombe, Zayd kaonja, uso ukamkunjika, Babu akampa kipande cha halua. Sasa kila apitaye anamwamkia "shikamoo", hadi mwenye mkokoteni.

Ami Kassim 17:02
Wa alaykum salaam. Niwieni radhi, nilikuwa darini natengeneza tangi la maji, simu niliiacha chini. Dada Zuhura, pasi anazo Mama Ilham, na yeye kaenda Marikiti kununua viungo. Ntakutumia usiku.

Ami Kassim 17:06
Ila nina swali. Ndege yetu ya kutoka Nairobi ni Jumatatu usiku. Tukilala hapa Jumapili, tukapanda treni ya asubuhi Jumatatu?

Shangazi Zuhura 17:07
Ile ya saa mbili? Ile husimama vituo njia nzima, Kassim! Ikichelewa na ndege ikakupiteni? Na kufika stesheni Miritini mapema asubuhi, mizigo inuswe na mbwa, mkaguliwe, na watoto wana usingizi?

Ami Swaleh 17:10
Inafika mchana. Wakati upo.

Shangazi Zuhura 17:10
Mwaka ule pia mlisema wakati upo.

Mwanaisha 17:41
Bibi amesema kwa sauti, kanitaka niwaandikie wote msome. Naandika kama alivyosema, hata linalonihusu mimi.

"Masalkheri wanangu. Zuhura, Mungu akulipe, wewe ndiye unayehangaikia safari. Swaleh, la mwaka ule mimi nishasamehe, usilifufue. Sasa nisikizani. Leo Ilham kaniuliza mamangu aliitwa nani na alizaliwa wapi. Nina wajukuu chungu nzima, hajaniuliza yeyote. Nimemhadithia nikafika nusu, mbaazi zikataka kuungua. Nataka kummalizia. Chakula cha Ijumaa kitapikwa hapa kwangu. Bi Mdogo nishampigia, atavuka feri yeye, miguu anayo. Mwenye kutaka kuwaona hawa watoto naaje hapa, mlango u wazi. Ni hayo tu."

Ami Swaleh 17:58
Sawa Mama.

Fuad 18:03
Sawa Bibi. Naja leo baada ya Isha. Na mimi nataka kusikia.

Shangazi Nuru (Maskati) 18:05
Mama, mimi mwenyewe najua jina tu. Mwanaisha, akiendelea mrikodi, unitumie.

Shangazi Zuhura 18:24
Sawa Mama. Ratiba nimeifuta.

Shangazi Zuhura 18:26
Basi Ijumaa ni Kibokoni. Mchele naleta mimi. Nyama nani? Masufuria makubwa yako kwa nani tangu Idi?

Ami Swaleh 18:27
Nyama mimi.

Shangazi Nuru (Maskati) 18:29
Ntatuma kwa Mpesa ya Mwanaisha. Nitume ngapi?

Shangazi Zuhura 18:30
Masufuria yako kwa nani?

Shangazi Zuhura 19:55
Kassim, ni Jumapili au Jumatatu? Na nambari za pasi?

Ami Kassim 20:40
Dada, Mama Ilham karudi lakini yuko na Mama chumbani, mlango wamerudisha, nasikia vicheko tu. Wakitoka ntakutumia.

Shangazi Zuhura 20:41
Nasubiri. Silali mpaka uzitume.

Fuad 20:58
Masufuria yako kwetu. Moja mpini umetoka.