Tupeane uzoefu: kusafisha na kuboresha tochi kali bila kuiunguza

FundiUmoja
Wadau wa Nairobi, tochi kali za LED siku hizi ziko kila mahali, kwa soja wa geti hadi kwa mtu wa bodaboda. Kama umewahi kufungua yako kuisafisha au kuiongezea nguvu, tueleze ulifanyaje na ikawaje.

Naanza. Nyingi zinazoletwa kibandani kwangu zinawakawaka, na mwenyewe ameshaamua LED imekufa. Kumbe shida iko pale mkia unapofungwa: grisi kuukuu imeshikana na vumbi, imekuwa tope jeusi. Natoa betri kwanza, kila mara. Napangusa nyuzi (ile mizunguko ya skrubu ya kufungia mkia) kwa kitambaa kisichotoa manyoya, halafu pamba yenye spiriti kwenye ule ukingo wa aluminiamu usio na rangi, maana umeme unapita hapo. Nyuzi zenye rangi msizipige msasa! Hiyo rangi ni tabaka lisilopitisha umeme, na kwa tochi nyingi ndiyo inayokuwezesha kulegeza mkia kidogo ili isijiwashe mfukoni.

DadaWaNgong
Asante fundi. Mimi hupanda vilima vya Ngong alfajiri. Tochi yangu ilikuja na mwanga wa kibuluu, kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa kubwa mwanga ni wa kibuluu zaidi), kila kitu kikaonekana rangi ya majivu. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue, mjini, akanibadilishia LED, akaweka ya kelvini 4000. Mwanga ulipungua kidogo, lakini sasa natofautisha jiwe na udongo mwekundu unaoteleza. Nilisimama nikimtazama: alikwangua pesti ya joto ya zamani yote, akaweka mpya kama punje ya mchele, akakandamiza. LED humwaga joto mgongoni, na lisipopata njia ya kufika kwenye mwili wa tochi, inaungua yenyewe. Kwa hivyo mwili ukipata moto mkononi, msishtuke mapema, joto linatoka.

Mpigapicha_Sauti
Naomba sana, msifute rifleta, kile kikombe kinachong'aa kinachozunguka LED. Ule mng'ao ni utando mwembamba wa aluminiamu, na hata kitambaa cha miwani kinaukwaruza. Mimi hutumia pampu ya mpira ya kupulizia lenzi, basi. Likibaki vumbi kidogo, liacheni. Mwanga hautapungua kiasi cha kuonekana.

KijanaGithurai
Wakubwa, nimeambiwa nikilehemu waya wa shaba sambamba na springi ya mkia mwanga utaongezeka. Ni kweli? Na betri yangu ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji) imeandikwa uwezo wa 9900 mAh, kwa hivyo nguvu ipo.

FundiUmoja
Mdogo wangu, hiyo betri iweke kando leo. Hata 18650 bora kabisa huzunguka 3500 hadi 4000 mAh. Anayekudanganya kwa uwezo atakudanganya na kwa usalama. Angalia pia ngozi yake ya plastiki: kopo lote ni hasi, mpaka ule ukingo unaozunguka ncha chanya, kwa hivyo mpasuko mdogo hapo unatosha kuleta shoti. Chaja isivuke volti 4.2, na betri ikishuka chini ya 2.5 usiichaji tena.

Waya ni kweli husaidia, kwa sababu springi nyembamba hula volti. Lakini mkondo ukipanda, joto linapanda nalo. Ukishamaliza, iwashe ukiwa umeishika, usiiache mezani. Na usiilaze kifudifudi juu ya kitambaa cheusi. Tochi kali hukifanya kifuke moshi.

MamaKayole
Ya kaka yangu mlinzi hutumia betri za kawaida, zikavuja unga mweupe. Nilivaa glavu, nikausugua kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, nikaiacha wazi mpaka ikakauka kabisa. Inawaka vizuri. Ila mpira wa mkia umekakamaa, nitapata wapi mwingine?

DadaWaNgong
Mama, jaribu maduka ya spea za magari Kirinyaga Road. Nenda na ule wa zamani wakupimie. Upake grisi ya silikoni, usitumie mafuta ya kujipaka, mpira mwingine huvimba ukiyanywa.

MamaKayole
Asante dada, Jumamosi nitapita huko.