Mafua yanazunguka nyumba nzima na nina kichanga cha wiki sita. Niende kwa mama?

MamaWatatu
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naombeni ushauri, nina mawazo kweli.

Tunaishi vyumba viwili, Mbagala, tuko sita: mimi, mume wangu, dada wa kazi, kijana wa darasa la kwanza, binti wa miaka mitatu na kichanga cha wiki sita. Jumatatu kijana alirudi shule macho mekundu, usiku akachemka na kulia miguu inauma. Jumatano binti. Leo Ijumaa baba yao kaamka anatetemeka, hata chai kaikataa. Watoto walipimwa malaria zahanati, hawana. Wakasema ni mafua makali.

Mimi na kichanga bado wazima. Nimeshafunga begi, kesho nipande basi la Morogoro nikakae kwa mama mpaka hali itulie. Mama ana miaka 71 na ana pumu. Halafu dada wa kazi anasema nikianza tu kupiga chafya niache kunyonyesha. Nifanyeje?

MzeeWaPwani
Pole sana binti yangu. Nenda kwa mama, hapo nyumbani hewa imeshachafuka. Kabla hujaondoka jifukizeni wote kwa mwarobaini, kichanga msogeze kwa mbali.

NesiWaZamu
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, kichanga asisogezwe kabisa kwenye sufuria ya mvuke. Watoto wameletwa wodini kwetu wameungua kwa maji ya kujifukizia.

Mdogo wangu, fungua hilo begi. Kirusi cha influenza kikiingia mwilini huchukua siku 1 hadi 4, mara nyingi 2, ndipo mtu augue. Na huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya. Hebu tazama ulivyoandika: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Anayefuata anaweza kuwa wewe, tena ukiwa bado unajiona mzima. Ukifika Morogoro ukamkumbatia mama mwenye pumu, umempelekea.

Kunyonyesha usiache hata ukiugua. Mafua hayampati mtoto kupitia maziwa, yanampata kwa pumzi, chafya na mikono yako. Tena maziwa ndiyo yanampa kinga. Nawa kwa sabuni, vaa barakoa, mnyonyeshe. Ukizidiwa, kamua, asiyeumwa amnyweshe kwa kikombe.

Kiboko87
Wape wote amoksilini mapema, yakate.

NesiWaZamu
Hapana ndugu yangu. Hiyo ni ya bakteria, haigusi kirusi. Watoto wakubwa panadol kwa kipimo cha uzito wao, maji mengi, wapumzike. Asprini wasipewe kabisa.

BabaJunior_Tandika
Dada pole. Sisi tulikuwa saba, chumba na sebule, najua hakuna pa kumtenga mtu. Kilichotuponza ni kikombe cha juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Kila anayeamka usiku anachota, anakunywa, anakirudisha palepale. Mgonjwa, mzima, wote mdomo mmoja. Mke wangu alipogundua alikiondoa, kila mtu akapewa chake na alama ya rangi ya kucha kwenye mpini. Taulo nazo zilikuwa mbili kwa watu saba, tukapigilia misumari, kila mtu na wake.

Kulala: wagonjwa wote chumba kimoja na baba yao, wewe, kichanga na dada chumba kingine. Ikishindikana, basi mzungu wa nne, wa kichwa na wa miguu, angalau pumzi zisikutane. Madirisha wazi mchana kutwa, pazia zito funga fundo. Kitasa na rimoti futa kwa maji ya sabuni, kirusi kinaweza kukaa hapo siku nzima au mbili. Na kijana asimbusu mdogo wake, hata akililia. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

MamaWatatu
Kikombe cha juu ya ndoo! Ninacho, cha bati, na leo nimekinywea mara tatu. Nimeshakiondoa. Mama nimempigia, kasikitika lakini kaelewa. Nesi, kwa kichanga nitajuaje hali imebadilika? Na chanjo je?

NesiWaZamu
Chanjo ya mafua haitolewi chini ya miezi 6, na haimo kwenye ratiba ya kliniki. Kwa mama yako ulizia hospitali kubwa za binafsi, ila inachukua kama wiki mbili kufanya kazi.

Kichanga mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa, ukiangalia tumbo linavyopanda. Zikifika 60 hesabu tena. Zikibaki hapo, au kifua kinabonyea ndani, au anakataa ziwa, au joto la kwapani ni 37.5 kwenda juu, usimpe dawa nyumbani. Hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

MamaWatatu
Asante dada yangu, Mungu akubariki. Nimemhesabu sasa hivi, kalala kifuani kwangu: 44. Nitahesabu tena saa nne akiamka kunyonya.