Uzi wa kudifragi: mliokuwa na kompyuta za chogo, tupeane uzoefu

Pentium Tatu:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kuwa na kompyuta ya mezani yenye monita ya chogo. Sisi tuliokuwa tukifungua Start, Programs, Accessories, System Tools, Disk Defragmenter, tukibonyeza Show Details, halafu tunakaa kutazama vijumba vya rangi vikihamishwa: cha kijani kinasomwa, chekundu kinaandikwa. Hakuna cha maana kilichokuwa kikitokea pale, na bado mtu haondoki. Mdogo wangu aliacha katuni kwenye TV akaja kutazama hiyo.

Kwa waliozaliwa na simu mkononi: diski ya zamani ni sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika kwa nyingi za nyumbani, na kichwa kinachokimbia huku na huku kusoma. Faili likikosa nafasi moja ya kulitosha linakatwa vipande, kila kipande kinawekwa kwake. Kukifuata kipande kimoja, kichwa kihame kisha kisubiri sahani izunguke, ni kama milisekunde 15. Faili lenye vipande 200 linakula sekunde tatu za kutembea tu. Kudifragi ni kuvirudisha vipande vikae pamoja.

Swali: ulikuwa unaifanyia nini mashine yako ikianza uzee, na ilisaidia kweli au tulikuwa tunajifariji? Mimi nasema ilisaidia, ila si kwa kiasi tulichokuwa tukitamba nacho.

Binti Mkunazini:
Ilisaidia ikiisha! Kuisha ndiyo ilikuwa kazi. Chumba cha kompyuta cha skuli yetu huku Unguja kilikuwa na Windows 98. Unaianzisha, inafika asilimia kumi, programu nyingine ikiandika chochote kwenye diski inaanza upya. Hata yale mabomba ya skrini yanayojijenga yenyewe wakati hakuna mtu yalitosha kuirudisha mwanzo. Maalim wetu alikuwa na dawa: Ctrl+Alt+Del, unafunga kila kitu unabakisha Explorer na Systray tu, mabomba unayazima. Ikikaidi, unaingia Safe Mode kabisa, ile Windows inayowaka na vya lazima tu. Kisha anafunga mlango kwa ufunguo, maana wapo watu hawawezi kuiona mausi wakaacha kuisukuma. Siku hiyo somo la kompyuta tunasomea ubaoni.

Mlinzi wa Cyber:
Dada, hiyo ya kuanza upya naijua. Mimi nilikuwa nachunga cyber Eldoret, na mwenye duka alitaka mashine zote zifanyiwe tukishafunga. Zetu zilikuwa Windows XP, na difragi yake ile ya mistari miwili: nyekundu faili zilizokatika, bluu zilizoungana, nyeupe nafasi tupu, kijani zisizohamishika. Nilitamani kuona bluu tupu na sikuwahi. Kijani ilikaa pale katikati kama mpangaji aliyekataa notisi. Nilikuja kuambiwa sehemu yake kubwa ni pagefile, yaani ile nafasi ya diski ambayo Windows inaazima RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ikijaa.

Halafu XP ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi, na diski za cyber zilikuwa zimejaa nyimbo za wateja. Kazi ya kwanza ya usiku ikawa kuamua nyimbo za nani zifutwe. Kesho yake ndiyo unasikia kelele.

Stima je? Ikipotea katikati, zile za Windows 98 ziliamka na ScanDisk ya bluu, ile ya kukagua diski, kisha unakuta FILE0000.CHK kwenye C na hakuna anayejua ndani yake mna nini. XP yenye NTFS, ule mpangilio mwingine wa kuweka faili kwenye diski, ilivumilia zaidi.

Fundi Mchikichini:
Nimesoma nikacheka. Wakuu, niseme kama mtu aliyekula kwa kazi hii: wengi walioleta mashine wakisema "nidifragie" tatizo lao halikuwa hilo. XP kwenye karatasi ilikubali RAM ya MB 64, ikapendekeza 128. Kwenye karatasi. Ukiweka antivairasi, Winamp ya nyimbo na Word pamoja kwenye MB 128, taa ya diski haizimi. Taa isiyozima maana yake RAM imejaa na Windows inahamia kwenye pagefile, inarudi, inahamia tena. Hapo difragi usiku kucha, asubuhi mashine ni ileile. Chomeka kijiti kingine cha MB 128 uone mteja anavyokuangalia.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Kwanza kava linafunguliwa, blowa na brashi ya rangi, maana feni iliyoziba vumbi inachemsha prosesa na prosesa iliyochemka inastaki. RAM inachomolewa, zile meno za dhahabu unazisugua kwa kifutio cha penseli, unarudisha. Mashine ngapi "zilizokufa", zinazopiga mlio tu bila kuonyesha kitu, zimefufuka kwa kifutio cha shilingi mia! Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha, ni betri ya CR2032, badilisha. Baada ya hapo ndiyo unakaa kwenye kiti: msconfig, unaondoa tiki kwenye takataka zinazojiwasha na Windows, unafuta Temp, unazima madoido ya vivuli. Difragi ilikuwa ya mwisho kabisa, nikiiacha inazunguka mteja anapokuja kuchukua, kwa sababu ndiyo kitu pekee alichokiona kwa macho akaamini kazi imefanyika. Kifutio hakuna aliyetaka kukilipia.

Mzee wa Tweaks:
Fundi umesahau kufuta folda ya Prefetch kila wiki. XP yangu ilikuwa inaruka.

Fundi Mchikichini:
Sikusahau mkuu. Prefetch ni kumbukumbu ambayo XP inajiandikia ili ijue kuwaka haraka, na inatumia kumbukumbu hizo kupanga faili za kuwakia, yenyewe, kila baada ya siku kama tatu mashine ikiwa imetulia. Ukifuta, safari inayofuata inawaka polepole zaidi, kisha inaanza kujiandikia upya. Kuruka huko kulikuwa kwa moyo wako.

Mzee wa Tweaks:
Basi moyo wangu uliruka. 😂

Wa Bukavu:
Huku kwetu Windows ilikuwa ya Kifaransa, tuliita Défragmenteur de disque, na klavye ni AZERTY. Umeme wa jenereta unahesabiwa kwa mafuta, kwa hiyo kudifragi ilikuwa anasa. Wenye mafuta ndio walifanya.

Dogo SSD:
Wakubwa shikamooni. Laptop yangu ina SSD, Windows 11. Nami nidifragi nionje huo utamu?

Pentium Tatu:
Marahaba dogo. Usijisumbue. SSD haina sahani wala kichwa, kipande kikiwa mbali au karibu ni mamoja, na kuhamisha faili bure ni kuila tu, maana seli zake zina kiwango cha kuandikwa. Tangu Windows 8 ile programu inaitwa Optimize Drives, na kwa SSD inatuma TRIM, yaani inaiambia diski sehemu zipi hazitumiki tena. Na vijumba vya rangi hutaviona. Windows Vista, iliyofuata XP, ndiyo iliyoviondoa. Windows 7 ikapanga ijifanyie usiku wa kuamkia Jumatano saa saba, saa ambayo kompyuta za nyumbani kwetu zilikuwa zimezimwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma.

Binti Mkunazini:
Hicho kitambaa kiliziba matundu ya hewa ya monita, mama hakusikia la mtu.

Mama Wawili:
Jamani samahani kuwatoa kwenye stori. Nina diski ya Maxtor GB 40, ile ya waya mpana, ina picha za harusi ya wazazi wangu. Haijawashwa miaka mingi na laptop haina pa kuichomeka. Nimpelekee fundi aidifragi kwanza ndiyo ifunguke vizuri?

Fundi Mchikichini:
Hapana dada, chonde. Kudifragi ni kusoma na kuandika kwa wingi, diski mzee inaweza kumalizikia hapo hapo. Tafuta adapta ya IDE (ndiyo huo waya mpana) kwenda USB, lakini iwe na umeme wake wa ukutani, kwani diski kubwa za mezani zinataka volti 12 na USB haitoi hizo. Iweke mahali tambarare isitikiswe. Ikiwaka, nakili picha kwanza, mengine baadaye. Ukisikia tak-tak-tak ya kujirudia, zima palepale usijaribu tena, mpe mtu wa kuokoa data.

Mama Wawili:
Asante kaka. Adapta nitaifuata Kariakoo Jumamosi.