Mazoezi makali au ya polepole: kipi kinafaa kupunguza mafuta bila kuvuruga usingizi?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Umri miaka 40, kitambi kipo, nafasi ni siku nne kwa wiki. Nifanye yale makali ya vipindi au nitembee saa nzima? Misuli nisingependa ipungue.

PumziNdefu: Kwa mafuta pekee usitegemee maajabu upande wowote, kalori zikilingana, matokeo yanakaribiana. Wanaosema mwendo wa polepole "unachoma mafuta zaidi" wanachanganya asilimia ya kalori zinazotoka kwenye mafuta na jumla ya kalori zinazoungua. Na ile ya mwili kuendelea kuunguza siku nzima baada ya makali imetiwa chumvi sana. Makali yanashinda kwenye pumzi: moyo hupata uwezo haraka.

Tafuta kilele cha mapigo ya moyo kwa dakika: 208 toa (0.7 × umri). Kwako ni 180, kwa makadirio. Pasha mwili dakika 10, kisha dakika 4 kwenye mapigo 153 hadi 171, tembea dakika 3, rudia hadi zitimie raundi nne. Polepole ni 108 hadi 126, unaongea sentensi nzima bila kuhema.

KambaMbili: Raundi ya kwanza ndiyo inayoharibu kila kitu. Mtu anatoka mbio kama kafukuzwa na mbwa, ya tatu miguu imeshakufa, anajikokota tu. Anza na akiba. Halafu mapigo huchelewa kupanda, kwa hiyo dakika ya kwanza usiifukuzie namba ya mapigo kwenye saa ya mkononi.

Mleta mada: Basi siku zote nne ziwe makali, nimalize mapema?

PumziNdefu: Hapana mkuu, utachoka kabla hujapungua. Makali siku moja, polepole siku moja dakika 60, mbili zilizobaki nyanyua uzito: kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, seti 3 za marudio 8 hadi 12. Misuli inalindwa hapo, pamoja na protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako.

Daftari: Kama una presha au kifua hubana ukipanda ngazi, daktari kwanza. Makali yasiwe saa ya mwisho kabla ya kulala. Pima mapigo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 7 au zaidi siku mbili mfululizo, badili makali kwa kutembea.