NTV Uganda ilizimwa kweli 2007? Na wale wasomaji habari wa mwanzo walienda wapi?

MtotoWaBombo
Wakuu salaam. Jana tumekaa na mjomba hapa Bombo tunaangalia habari za saa tatu NTV, mara akasema ati hii stesheni ilipoanza tu serikali ikaizima, watu wakakaa miezi wanaangalia chenga tupu. Mi nimezaliwa 2004, nikamwambia mjomba hizo ni hadithi za baraza la kahawa, akanuna mpaka sahani zimetolewa. Ni kweli au ananichezea? Halafu nani walikuwa wanasoma habari siku hizo, maana kila mtangazaji ninayemtaja mzee anasema "huyo wa juzi".

Fundi_Antena
Kamwombe mjomba msamaha haraka 😂 NTV iliingia hewani Desemba 2006, ni ya Nation Media ya Nairobi, hao hao wenye Daily Monitor. Mwaka 2007 umeanza tu ikazimwa, ikarudi Aprili. Serikali ilisema ni mambo ya mitambo na vibali, mtaani watu wakasema siasa.
Mi siwezi kusahau sababu kazi yangu ilikuwa kufunga antena Wandegeya, mtaa wa Kampala. Zile wiki simu haikulala, fundi njoo antena yako imekufa, napanda juu ya mabati jua la saa saba nazungusha bomba kushoto kulia, mtoto yuko dirishani anapiga kelele "bado! bado!", UBC inaonekana safi, WBS safi, NTV chenga. Nashuka nawaeleza jamani imezimwa huko huko kwao, hawaamini. Kuna mteja alikataa kunilipa kabisa, akasema ngoja irudi ndio nikupe hela yako. Ikarudi. Hela mpaka leo.

Mama_Arua
Pole fundi. Lakini nyie mnaanza hadithi katikati. Kabla ya hizo zote ilikuwa UTV ya serikali tangu 1963, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, picha nyeusi na nyeupe. Rangi ilikuja 1975 wakati Amin alipoita wakubwa wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, Kampala, na jumba la mikutano lililojengwa kwa ajili ya wageni wale ndilo hilo la hoteli ya Serena leo, na NTV ndio wakaja kukaa humo humo. Mimi huwa nacheka peke yangu nikiona studio yao inavyong'aa.
UTV msomaji alikuwa anakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, karatasi mkononi, habari ya kwanza Rais, ya pili Rais, ya tatu waziri amemwakilisha Rais. WBS, stesheni ya tajiri Wavamunno, ilipokuja 1999 ndio tukaona mtu anasoma habari na anatabasamu. 2005 UTV wakaiunganisha na Radio Uganda ikawa UBC.

Mpakani_Busia
Kwa upande wa wasomaji, Nancy Kacungira alisoma NTV, akavuka kwenda KTN Nairobi, 2015 akawa mtu wa kwanza kupewa ile tuzo ya BBC ya Komla Dumor ya waandishi wa habari wa Afrika, na BBC wakabaki naye. Maurice Mugisha alihamia UBC akawa mmoja wa mabosi. Agnes Nandutu na kipindi chake Point Blank, kile kiingereza cha makusudi cha kijijini cha kuwachokoza wabunge, 2021 na yeye akaingia bungeni kwa kiti cha wanawake Bududa akapewa na uwaziri, yaani alihamia kwa wale wale aliokuwa anawacheka.
Na Rosemary Nankabirwa, Mungu amrehemu. Kansa ilimchukua Mei 2015 akiwa anatibiwa Nairobi. Siku ile hata hapa sokoni wauza samaki walikuwa wanamwongelea kama binti wa jirani.

Chapati_Saa_Nne
Sawa, NTV walileta suti na taa, sikatai. Ila waliobadilisha habari nchi hii ni Bukedde TV na habari zao za Agataliiko Nfuufu, tangu 2009. Mimi nachoma chapati barabarani, ikifika saa nne usiku TV ya duka la jirani inavuta watu wote, boda zinapaki, mtu anashika rolex yake, chapati iliyoviringishwa na yai, inapoa hajui. Kuku wameibwa, mume kafumaniwa, mganga kakimbizwa, na vyote vinaelezwa kwa Luganda kama mtu anakusimulia uani. NTV wenyewe wakaona, na wao wana Akawungeezi, NBS wana Amasengejje.
Sisi wa Kiswahili tumebaki na kataarifa ketu ka UBC, na baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi tangu 2022. Kila siku nangoja.

Mama_Arua
@Chapati_Saa_Nne hapo umenikuna.

MtotoWaBombo
Asanteni sana wakubwa. Nimemsomea mjomba yote, msamaha amekubali kwa kilo mbili za sukari. Ila kwa @Fundi_Antena amenyamaza kidogo halafu akauliza huyo mteja nyumba yake ilikuwa upande gani wa Wandegeya, maana 2007 na yeye alikuwa amepanga huko huko 🤐

Fundi_Antena
Geti la kijani. Mwambie nipo.